Joka la leso au joka la shanga: lipi litaishi nyumbani Mombasa?

Joka langu la kwanza lilianza kunuka mwezi wa Mei. Nilikuwa nimelitundika sebuleni, nyumba ya Kuze, kando ya dirisha linaloingiza upepo wa bahari, na kwa miezi minne kila aliyeingia alilisifu. Mwili wa leso nyekundu, meno ya vifungo vyeupe vya shati, macho ya gololi. Mgongoni, kutoka shingoni hadi mkiani, nilikuwa nimepitisha jina la leso kama lilivyo: WEMA HAUOZI. Masika yalipokolea, tumboni pakatokea madoa ya rangi ya chai, na baada ya madoa ikaja harufu. Jirani yangu, mama mtu mzima asiyeficha neno, alilisogelea, akanusa, akasoma mgongo polepole, kisha akanigeukia: "Mwanangu, wema hauozi, lakini hili lako laoza."

Nikalipasua jioni ile ile. Usumba nilioujazia, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, ambao niliuamini mkavu kwa kuushika tu mkononi, ulikuwa umegandamana vidonge vyeusi. Waya niliyoifanya uti wa mgongo ilikuwa ile nyeusi laini ya mafundi wa ujenzi, ya kufungia nondo, nayo ilikuwa imevimba kutu mpaka imepenya kitambaa. Leso yenyewe haikuwa imechakaa hata kidogo. Ndiyo maana katika ulinganisho huu nitakaa sana na matumbo kabla sijafika kwenye urembo.

Tangu hapo nimetengeneza mengine, ya kitambaa na ya shanga, na watu huniletea picha kwenye simu: joka la shanga tupu, linameta kama limetoka majini sasa hivi, kazi ya msanii wa ng'ambo. Wanataka kujua kama wanaweza. Wanaweza. Ila picha haionyeshi saa zilizoingia, wala haisemi kwamba ukuta wa yule msanii haupigwi na chumvi mwaka mzima.

Tuchukue joka la kipimo kimoja ili tusidanganyane: sentimita 60 kutoka puani hadi ncha ya mkia, unene wa chupa ya maji ya nusu lita, yaani mzingo wa sentimita 20 hivi. Ukilichuna ngozi na kuitandaza mezani, utapata eneo la sentimita za mraba 1,200. Ishike namba hiyo, tutairudia.

Joka la leso, kwa utengenezaji, ni mwanasesere mkubwa. Unakata mbavu mbili na kipande kirefu cha tumbo, unashona ndani nje, unageuza, unajaza, unaziba. Shanga zinakuja mwishoni, tena mahali zinapoonekana tu: kingo za mapezi, kope, mstari wa mgongo. Joka la shanga huanza na mifupa. Unapinda waya mpaka joka lisimame lenyewe, unalizungushia nyama, unalivisha fulana ya kitambaa inayobana, halafu ndipo kazi inapoanza: kuifunika fulana yote kwa shanga, mshono kwa mshono, mpaka kitambaa kisionekane. Ipo na njia ya tatu, ya waya na shanga bila kitambaa, kama wanyama wanaouziwa watalii karibu na Fort Jesus na kwenye fuo za kaskazini. Hiyo ni sanaa yake peke yake na koleo zake, siiingizi hapa.

Na kwa nini joka? Hadithi za kwetu zina zimwi, zina nunda mla watu, zina joka la vichwa saba, na zina chunusi, yule anayesemwa huwavuta waogeleaji chini. Kwa kazi ya mkono chunusi ndiye anayenivutia zaidi, maana hana sura inayojulikana, kwa hiyo hakuna wa kukwambia umemkosea mapezi. Lakini nilipomtajia bibi kwamba nataka kumshona, aliniambia nikamshonee kwangu, si kwake. Na hilo la kupimwa pia: ziko nyumba nyingi Mji wa Kale ambazo haziweki sanamu ya kiumbe chochote, kwa sababu za dini. Ukikusudia zawadi, uliza kabla hujakata kitambaa.

Tumbo kwanza

Usumba nimeusema vibaya, na si haki kuuacha hapo. Ni rahisi kupata, ni mgumu kiasi, unashika umbo kuliko kitu chochote kingine cha asili. Tatizo lake ni historia yake. Makumbi mengi ya pwani hufukiwa kwenye mchanga au tope la bahari kwa miezi kabla ya kupigwa, na chumvi ile hubaki kwenye nyuzi. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Kwa hiyo hata usumba uliokauka kabisa mwezi wa Februari utalowa wenyewe Mei, mwezi wa mvua nyingi kuliko yote Mombasa, bila tone kuugusa. Dawa ni kuufua kwa maji matamu mara mbili na kuuanika siku tatu za jua kali. Pia huchoma: nyuzi zake hutokeza kwenye kitambaa chembamba kama ndevu za siku mbili. Usiutumie na leso bila mfuko wa ndani wa melikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi.

Sufi, pamba ya mti wa msufi, ndiyo iliyojaza mito ya bibi zetu, na hadi leo ndiyo naiweka mbele kwa joka la leso. Nyuzi zake zimepakwa nta ya asili, maji hayaingii kwa urahisi, ndiyo sababu zamani majaketi ya kuokolea maisha baharini yalijazwa sufi. Ni nyepesi ajabu; joka zima la kipimo chetu halitakushinda kulitundika kwa msumari mmoja mdogo. Ubaya wake ni mitatu. Inapaa wakati wa kujaza, kwa hiyo funga pua na feni uizime. Inashuka na wakati, ukijaza kwa huruma leo joka litakuwa na makunyanzi mwakani. Shindilia kwa kijiti cha mshikaki, tonge dogo dogo, kuanzia mkiani. Na inashika moto upesi sana. Kama nyumbani mnafukiza udi, joka la sufi lisining'inie juu ya chetezo.

Sponji ya vipande, ile inayotoka kwenye magodoro, huonekana kupitia leso kama ngozi yenye uvimbe, na baada ya miaka kadhaa ya joto letu hubadilika rangi na kuanza kusagika. Nimeacha kuitumia. Faiba ya poliesta haiozi wala hailiwi, na njia ya bei nafuu ya kuipata ni kwenda Kongowea, kununua dubu wa mitumba aliyepotea sikio, na kumpasua. Watoto wasione. Vipande vya fundi cherehani hupatikana bure na ni vizito, kwa hiyo navipeleka miguuni na chini ya tumbo kwa joka la kusimama. Vikate vidogo, la sivyo mguu utakuwa kama soksi iliyojazwa mawe.

Kwa joka la shanga mambo hubadilika. Sufi haifai, kwa sababu ngozi ya shanga ni nzito na inasukuma kuelekea ndani. Mwili ukilegea, mistari ya shanga inafungua mianya. Hapo nataka kitu kigumu kisichokunywa maji, na jibu langu nililiokota ufukweni: ndara. Soli za ndara zinazoletwa na mawimbi, ukizisafisha na kuzikata visahani, ukatoboa katikati, ukavitunga kwenye waya kama mishikaki, unapata uti wa mgongo unaopinda, mwepesi, usiooza. Kipenyo unakipunguza kadiri unavyoelekea mkiani. Kwa kisu cha kukatia karatasi ni kazi ya jioni moja. Siku ya kwanza vidole vitauma.

Waya yenyewe ndipo watu wengi wa kwetu wanapokosea, nami nikiwa wa kwanza. Ya kufungia nondo usiiguse, chuma kitupu na hewa ya bahari havipatani. Iliyopakwa zinki inavumilia, lakini mahali unapoikata na koleo pako wazi, na kutu itaanzia hapo hapo. Shaba tupu haioti kutu nyekundu, inaota ya kijani, nayo inatia doa vile vile. Ninachotumia siku hizi ni waya wa umeme wa nyumba, ule wa uzi mmoja mnene, na ganda lake la plastiki siuvui. Nakunja ncha, nazifunga utepe wa fundi umeme, basi. Joka la leso linalolala au kujiviringa halihitaji waya kabisa, na hilo peke yake linaondoa nusu ya matatizo niliyoyaeleza.

Ngozi

Leso mpya ina wanga. Ukiishona ikiwa na wanga wake, inakaa vizuri sana chini ya mashine, halafu mende wanaifurahia. Ifue kwanza. Kufua pia kunaimaliza kurudi, maana pamba hurudi, na kunakuonyesha kama rangi inatoka: paka kitambaa cheupe chenye maji kwenye nyekundu na nyeusi, ukiona kimeshika rangi fua tena mpaka kiwe safi. Usipofanya hivyo, siku joka litakapopata unyevu nyekundu itatembea hadi kwenye nyeupe ya pindo.

Raha ya leso ni kwamba mchoro umeshakatwa kwa ajili yako. Mji, yaani mchoro wa katikati, unakwenda ubavuni, pindo linakuwa magamba ya tumbo, jina linapanda mgongoni au linajificha chini ya bawa kwa anayejua kutafuta. Doti ni leso mbili, na moja inatosha joka zima, kwa hiyo mara nyingi ya pili hubaki salama na mtu anajifunga. Ubaya ni wembamba wake. Kila tonge la sufi linaonekana, na mshono wa shanga nzito unaivuta mpaka inatoboka. Ndiyo maana nasisitiza mfuko wa ndani wa melikani: unashona melikani kwanza, unajaza, ndipo unaivisha leso kama nguo.

Kikoi ni kizito zaidi na kinasimama chenyewe. Mistari yake ukiikata mshazari inajizungusha mwilini kama nyoka kweli, na kukata mshazari kunakipa kitambaa mvuto wa kupita kwenye mikunjo ya shingo bila kukunjamana. Tena matamvua yake ni manyoya ya shingo yaliyokwisha kutengenezwa. Kama ningekuwa na joka moja tu la kutengeneza maishani ningelitengeneza kwa kikoi, ila kinachanika pembeni haraka, kwa hiyo acha upana wa kidole kizima nje ya mshono. Mahameli inaficha makosa na inashika vumbi. Ukiwa karibu na barabara ya vumbi, iache. Jinzi kuukuu ni nzuri kwa miguu na kucha.

Kwa joka la shanga kitambaa hakionekani, kwa hiyo usipoteze leso. Unachotaka ni kitu kisichovutika, chenye rangi inayokaribiana na shanga zako, ili pale sindano ilipokosea pasichungulie weupe. Jinzi nyembamba chini ya shanga za buluu, kwa mfano, hakuna atakayejua.

Shanga kwa kiberiti

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Shanga ndogo za kioo huuzwa kwa namba, na namba ikipanda ushanga unapungua: namba 11 ina upana wa milimita 2 hivi, namba 8 milimita 3, namba 6 milimita 4. Nyingi nzuri tunazopata hutoka Jamhuri ya Czech, ndizo hizo hizo zinazovaliwa shingoni na Wamaasai.

Nilipima kwa kiberiti. Nikichora kiberiti kwenye kitambaa, eneo la sentimita za mraba 18 hivi, na kulijaza kwa namba 11, zinaingia shanga kama 570, na mimi, ambaye sikimbii wala silali, hutumia saa moja na nusu. Sasa rudi kwenye ile 1,200. Ni viberiti 67. Ni shanga zaidi ya 38,000, na ni saa 100. Ukikaa usiku saa mbili baada ya watoto kulala, bila kukosa hata usiku mmoja, ni siku 50. Kwa namba 8 idadi ya shanga inapungua nusu na muda nao nusu, lakini uzito unapanda: gramu 350 za namba 11 zinakuwa karibu nusu kilo za namba 8, kabla hujahesabu waya wala ndara. Joka la nusu kilo linataka msumari wa maana na ukuta usiomeguka, na nyumba za zamani za mawe na chokaa zina kuta zinazokubali msumari kisha zinautema.

Lakini hesabu hii ina upande wa pili ambao wengi hawauoni. Ukipunguza urefu wa joka mara nne, ngozi yake inapungua mara kumi na sita. Joka la sentimita 15, la kukaa kwenye kiganja, ni viberiti vinne na kitu. Usiku tatu au nne umemaliza, na hapo shanga za namba 11 zinapendeza kuliko kitambaa chochote, kwa sababu leso kwenye umbo dogo vile haipindi, inavimba kwenye mishono na mchoro wake unakatika vipande visivyosomeka. Yaani kitambaa kinapenda ukubwa, shanga zinapenda udogo. Ningeambiwa hili mwaka ule nilioanza, ningeokoa miezi.

Kuna na puleki katikati, vile visahani vyembamba vya plastiki vinavyometa. Puleki moja ya milimita 8, ikilaliwa nusu na mwenzake kama vigae, inafunika eneo la shanga kumi hivi za namba 11. Unaipandisha sindano, unatia ushanga mmoja mdogo juu wa kuizuia, unarudi kwenye tundu lile lile. Ubavu wa puleki na mgongo wa shanga ni joka linalometa kwa robo ya kazi. Na kuna njia ya mkato zaidi: kwenye mitumba hutokea magauni ya harusi ya watu wa mbali, kitambaa kizima cha puleki tayari. Kasoro yake, puleki ni plastiki, jua la dirishani linazifubaza, na pasi ikizigusa zinajikunja kama majani makavu.

Kabla ya kununua shanga nyingi, nunua kidogo uzitese. Chovya chache kwenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Zilizopakwa rangi juu juu zitaonyesha uso wao halisi. Zile zinazong'aa kwa sababu tundu limepakwa fedha ndani ni nzuri siku ya kwanza, lakini hewa yetu inaipata ile fedha na inakuwa nyeusi. Kioo kizito kisichopenya mwanga ndicho nimekiona kikikaa bila kubadilika. Kisha zimwage kwenye sinia, juu ya kitambaa kibichi kidogo ili zisiruke, uzichambue kama mchele: nyembamba pembeni, nene pembeni, zilizovunjika tundu nje. Tundu lenye ncha kali ni wembe, litakata uzi siku usiyotarajia.

Na simbi? Zinavutia kwa kucha na meno. Ila ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa hairuhusiwi kuokota chochote, na mtalii utakayemuuzia joka lenye simbi anaweza kunyang'anywa uwanja wa ndege. Vifungo vya shati vinatoa meno mazuri tu.

Uzi, na paka

Uzi wa pamba huoza. Mshipi wa kuvulia samaki unaonekana jibu la haraka kwa mtu wa pwani, lakini ni mkaidi, fundo lake linateleza, na juani unakuwa mkavu wa kukatika. Nautumia kwa masharubu ya joka, yasimame mbele ya pua. Kwa shanga natumia uzi wa poliesta wa cherehani, mara mbili, nimeupitisha kwenye nta ya nyuki mpaka ushikane. Nashona kwa bakia: shanga nne, sindano chini, narudi nyuma shanga mbili, napita tena ndani yake, nachukua nne nyingine. Ndiyo maana unahitaji sindano ya shanga yenyewe. Ya kawaida haitapita mara ya pili.

Na kila baada ya mishono mitano, fundo. Hili nililipuuza kwenye chunusi wangu wa shanga, kwa haraka ya kumaliza kabla ya Idi. Paka wa Mji wa Kale hawahitaji kualikwa. Mmoja akaingia kupitia baraza, akaona mapezi yanatikisika, akavuta. Uzi mmoja ulikatika na mstari mzima ukafuatana nao, kutoka bega hadi mkia, na kwa wiki nzima tulikuwa tukikanyaga shanga bafuni. Joka la leso paka yule yule alilivuta mara ngapi sijui. Lilipata tundu moja, nikalitia kiraka, na kiraka kikaonekana kama jeraha la vita.

Gundi ya moto sijaitaja makusudi. Inaharakisha, lakini ndani ya gari lililoachwa juani inalainika, na shanga zinaanza safari.

Nikuchagulie lipi

Kama hujawahi kutengeneza chochote cha aina hii, na unataka kitu kikubwa cha ukutani, fanya la leso au kikoi, lisilo na waya, lililojazwa sufi au faiba. Siku mbili tatu za mapumziko na umemaliza, na kosa lolote unaweza kulifumua. Makosa ya joka la shanga hufumuliwa kwa machozi. Gharama nayo iko upande wa kitambaa: shanga nzuri za kioo za kufunika mwili mzima hupita bei ya doti, na doti inakuachia leso.

Kama ni la kuuza au kubeba kwenye begi, fanya dogo, sentimita 15, la shanga. Mnunuzi anaona kazi kwa jicho moja, na kwako ni saa sita au saba, ambazo unaweza kuzidai. Joka la shanga la sentimita 60 sijawahi kumwona mtu akiliuza kwa bei inayolipa saa 100, na waliojaribu niwajuao waliishia kulitoa zawadi wao wenyewe.

Kwa mtoto mdogo usitumie shanga hata moja. Macho yadarizi kwa uzi, na kama hujui kudarizi, kwa mtu anayeshona kofia hilo ni jambo la dakika kumi, mpelekee na haluwa.

Kwa dirisha la jua au veranda ya Nyali inayotazama bahari, shanga zinashinda, mradi ziwe za kioo na mifupa iwe ya waya wenye ganda. Leso mahali hapo itapauka upande mmoja ndani ya mwaka na utakuwa na joka la rangi mbili. Kwa chumba cha ndani chenye hewa ndogo ni kinyume chake kwa sababu moja tu: joka la leso unaweza kulifungua na kulianika, la shanga ukishalifunga umelifunga, na lililo ndani utalijua kwa pua.

Mimi mwenyewe, ukiniuliza jioni ya leo, ni leso na kikoi, shanga za namba 8 kwenye mgongo na kope peke yake. Viberiti vitano. Macho yanakwenda kwenye zile shanga na kudhani mwili mzima unazo.

Jambo moja la mwisho kwa watakaokubaliana nami: usizibe tumbo moja kwa moja. Joka lililoko sebuleni sasa limevaa leso ile ile ya WEMA HAUOZI, nimeifua na kuigeuza, na chini ya tumbo nimeliwekea mlango wa vifungo vitano. Kila Julai, masika yakishapita, nafungua, natoa sufi, naianika barazani saa tatu nne. Iwe ndani ya kipande cha chandarua, mdomo umefungwa. Mwaka wa kwanza niliianika kwenye sinia, wazi. Kusi ilivuma kidogo tu, na kwa siku mbili mtaa mzima ulikuwa ukikung'uta nywele nyeupe kwenye mabuibui.